Miaka Sita ya Kuchana Nyuzi za Raketi

Kwa muda wa miaka sita ya kwanza ya kucheza tenisi kwa bidii nilikuwa na kazi ya ziada ambayo mwenzangu wa upande wa pili wa wavu hakuwa nayo. Yeye akiutoa mpira mfukoni na kujiandaa kuanzisha pointi mpya, mimi nilikuwa bado nimeinamia raketi, nikizirudisha nyuzi mahali pake kwa kucha, uzi mmoja baada ya mwingine, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Nne au tano kati ya zile za katikati zilikuwa zimesukumwa zote upande mmoja. Mbili zimekaribiana hadi kugusana, na kando yake limebaki pengo ambalo ncha ya kidole changu cha shahada iliweza kupenya. Nilizipanga zikapangika, kisha pigo moja la nguvu la mkono wa mbele likazivuruga tena. Mwenzangu, ambaye subira si fungu lake, alizoea kuniuliza kwa sauti kama nimekwisha kumchana mtoto nywele ili mchezo uendelee.

Nilicheka naye, lakini jambo lenyewe lilinikera. Mpira ulioangukia kwenye pengo haukutoka kama ule ulioangukia mahali nyuzi zilipobanana, na mtu hawezi kujenga pigo la kutegemewa juu ya uso unaobadilika kila baada ya dakika. Tena nyuzi zilizokuwa zikihama huku na huko zilisagana hadi zikakatika mapema, na kila mara zilikatika pale pale katikati. Nikaamua kutafuta nyuzi zisizosogea. Utafutaji huo ulikuwa mrefu kuliko ulivyostahili kuwa, kwa sababu swali lenyewe nililiuliza vibaya, na sikulitambua hilo mpaka nilipopata hasa kile nilichokuwa nikikiomba.

Raketi ya tenisi ina nyuzi za wima, zinazotoka upande wa mpini kwenda ncha ya kichwa, na ina nyuzi za mlalo zinazokingama. Mimi nimezoea kuziita mtande na mshindio, kama wasemavyo wafumaji wa nguo, kwa kuwa kazi ni ile ile ya kupitisha uzi juu na chini ya mwingine, na pia kwa sababu raketi ikiwa mkononi wakati wa kupiga, hizo zinazoitwa za wima huwa zimelala. Zinazohama ni nyuzi za mtande. Mchezaji anapoupandishia mpira raketi kutoka chini ili uzunguke kwa mbele, mpira huo huzikokota nyuzi za mtande kuelekea ukingo wa fremu, ilhali nyuzi za mshindio, ambazo zimelala sambamba na mwendo huo, hubaki zilipo. Mwenzangu hupiga mipira bapa na mikato mifupi, hauzungushi mpira kama mimi, na ndiyo maana nyuzi zake zilionekana kana kwamba zimegandishwa kwa gundi. Wakati ule nilidhani ana fundi bora kuliko wangu.

Hivyo nilianza kwa kumlaumu fundi. Nilimpelekea raketi, nikamwambia kwa adabu lakini bila kuficha kwamba nyuzi alizifunga legelege. Hakubishana nami. Alinivutia kiti, akasema, "Kaa hapo utazame, kisha uniambie nilipokosea." Nilikaa karibu na mashine kwa muda usiopungua dakika arobaini, na sijutii hata moja. Alivuta nyuzi za mtande kutoka katikati kwenda nje, mara kushoto mara kulia, ili fremu isielemewe upande mmoja, na kila uzi uliokwisha kuvutwa aliushika kwa kibano kabla ya kuuachia mkono wa mashine. Alipofika kwenye mshindio ndipo nilipoona ustadi. Uzi mrefu aliupenyeza juu, chini, juu, chini, kisha akauvuta huku akiupinda kama upinde na kuusogeza mbele na nyuma, ili usisage mtande mahali pamoja na kuuchoma kwa msuguano. Kabla ya kuukaza aliunyoosha kwa ncha za vidole mpaka ukalala sawa, kwa sababu uzi wa mshindio ukikazwa ungali umejipinda, baadaye hujinyoosha wenyewe na kupoteza sehemu ya mkazo.

Alinieleza pia makosa ambayo yangeweza kunipa haki ya kulalamika: kibano kinachoteleza na kuacha alama nyeupe kwenye uzi, fundo lililokazwa vibaya, au vibomba vya plastiki vya kwenye matundu ya fremu vilivyochakaa hadi uzi ukawa unazama ndani ya fremu. Aliikagua raketi yangu mbele ya macho yangu. Kazi yake ilikuwa safi. Nikaomba radhi, naye akaniuliza swali ambalo mafundi wote huuliza, kwamba basi nataka mkazo wa kilo ngapi.

Nilikuwa nikifunga kilo 25. Nikapanda hadi 27, baadaye 28, kwa hoja iliyoonekana haina pingamizi kwamba uzi uliokazwa zaidi hausogei kwa urahisi. Ni kweli kwamba ulisogea pungufu kidogo. Lakini raketi ikawa kama ubao: mpira uliondoka haraka, ukaanguka mfupi, nami nikalazimika kutumia nguvu zaidi ili kuufikisha mbali, na hizo nguvu za ziada zikazisukuma nyuzi kama mwanzo. Isitoshe nailoni, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiifunga, haishiki mkazo iliofungwa nao. Hupungua kuanzia saa za kwanza, hata raketi ikiwa imelala tu mfukoni, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimerudi palepale, isipokuwa kwa bega lililochoka.

Baada ya mkazo nikaenda kwenye unene. Nyuzi za tenisi huuzwa kwa vipimo, na ingawa vipakiti huandikwa namba kama 15, 16, 17 na 18, ambapo namba inayopanda ina maana ya uzi mwembamba zaidi, la kusoma ni milimita zilizoandikwa pembeni: uzi wa 16 huwa karibu na milimita 1.30, na wa 17 karibu na 1.25. Nikahama kutoka 1.25 kwenda 1.35. Ulidumu zaidi kabla ya kukatika, na hapo ndipo faida ilipoishia. Nikajaribu nailoni yenye ngozi ya kukwaruza, ambayo watengenezaji huizungushia mshipi mwembamba kwa nje ili uzi ung'ang'anie uzi. Hiyo ilinipa matumaini kwa vipindi viwili vya mazoezi, kisha ile mikwaruzo ikalainika pale nyuzi zinapokutana, yaani mahali pekee palipoihitaji. Nikanunua hata vile vipande vidogo vya plastiki vinavyochomekwa kwenye makutano ya nyuzi ili zisisagane, ambavyo kanuni za mchezo zinaviruhusu kwa kuwa kazi yake ni kupunguza uchakavu. Nilivichomeka kimoja kimoja kwa subira ya fundi saa. Vingine viliruka uwanjani katika gemu ya kwanza, na vilivyobaki viliufanya uso wa raketi kuwa mzito na mgumu, hadi nikavikwangua vyote usiku ule ule.

Kisha nikaazimwa raketi ya mtu mwingine. Yangu ilikuwa na mtande wa nyuzi 16 na mshindio wa nyuzi 19, mpangilio ulio wa kawaida kabisa siku hizi. Hiyo ya kuazima ilikuwa na 18 kwa 20, na kichwa chake kilikuwa kidogo zaidi. Nyuzi zikiwa nyingi katika nafasi ndogo, kila uzi ni mfupi na makutano ni mengi, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia. Nilicheza seti mbili nzima bila kugusa nyuzi kwa kidole. Hatimaye nilikuwa nimepata nyuzi zinazotulia, nami nikashindwa seti zote mbili. Mipira yangu ya mkono wa mbele, ambayo kwa kawaida hupita juu sana ya wavu kisha ikajipinda na kutumbukia ndani ya mstari wa nyuma, siku hiyo ilipita juu vile vile ikaendelea na safari yake nje. Nililaumu ugeni wa raketi. Leo naamini ugeni wa raketi ulichangia kidogo tu.

Jibu lilikuja kwa njia ya poliesta, uzi wa kiwandani ulio mgumu kuliko nailoni. Mchezaji mmoja kijana aliniachia raketi yake ya akiba baada ya uzi wangu kukatika katikati ya mchezo, nami nikacheza kwa muda wa karibu saa 2 nikiupiga mpira kwa nguvu zangu zote. Kila nilipoinamisha kichwa kwa mazoea ili kuzichana nyuzi, nilikuta zimenyooka kama mistari ya daftari. Nilimwambia yule kijana kwamba nimepata nyuzi zisizosogea. Akatabasamu, akaniomba nishike raketi mbili, yake na yangu ya akiba yenye nailoni, na katika kila moja nisukume uzi wa mtande wa katikati kwa kidole gumba kuelekea ubavuni, kisha niuachie ghafla.

Uzi wangu wa nailoni ulikwenda kwa shida, ukikwaruza, na nilipouachia ulibaki pale pale nilipoupeleka. Uzi wake wa poliesta ulikwenda kwa wepesi ambao sikuutarajia, kama unateleza juu ya mafuta, na nilipouachia ulirudi mahali pake kwa mlio mdogo mkavu: tak. Nikarudia mara nyingi, kila mara tak. Nyuzi zake zilikuwa zinasogea kuliko zangu. Tofauti ni kwamba zilikuwa zinarudi, na zilirudi upesi mno hata jicho lisishuhudie safari yao.

Nilijaribu baadaye kuirekodi safari hiyo kwa simu inayonasa picha 240 kwa sekunde, nikaambulia picha moja yenye ukungu, nayo si ajabu, kwa kuwa mpira hukaa juu ya nyuzi kwa takriban milisekunde 5 tu, na simu hiyo hunasa picha moja kila baada ya milisekunde 4 na kitu. Wenye kamera za kasi kubwa wameshalionyesha jambo lenyewe. Rod Cross, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Sydney ambaye ameandika mengi kuhusu zana za mchezo huu, ni miongoni mwa waliochunguza namna msuguano kati ya nyuzi unavyoathiri mzunguko wa mpira. Maelezo yake si magumu. Mpira unapougusa uso wa raketi inayopanda, huushika mtande na kuuvuta kando. Mtande huo, kama uta uliovutwa, huhifadhi nguvu. Na iwapo hakuna kinachouzuia, hurudi kabla mpira haujaondoka na kuupa mpira msukumo wa ziada wa kuzunguka. Poliesta ni ngumu na nyororo, kwa hiyo uzi huteleza juu ya uzi, na ule ugumu huurudisha nyumbani. Nailoni ni laini na hushikana na nailoni mwenzake, kwa hiyo mtande hukokotwa, hukwama ulipofika, na ile nguvu iliyohifadhiwa hupotea bila faida kwa mtu.

Hapo nikaielewa ile siku ya raketi ya kuazima. Nilikuwa nimezifunga nyuzi zisiende popote, na kwa kufanya hivyo nikauondolea mpira sehemu ya mzunguko uliokuwa ukiushusha ndani ya uwanja. Swali langu kwa miaka sita lilikuwa nyuzi zipi hazisogei, wakati nilipaswa kuuliza nyuzi zipi zinarudi.

Tenisi yenyewe iliwahi kukutana na swali hilo kwa kishindo. Mwaka 1977 ilijitokeza raketi iliyopewa jina la utani la tambi, iliyobuniwa na Mjerumani Werner Fischer, ambayo mtande wake ulikuwa wa tabaka mbili zisizofumwa na mshindio, ukiwa umevikwa vijibomba vya plastiki ili uteleze kwa uhuru. Mpira ulitoka na mzunguko ambao wapinzani hawakuwahi kuuona. Katika mashindano ya wazi ya Marekani mwaka huo, Michael Fishbach, mchezaji asiyejulikana sana, aliitumia kumtoa Stan Smith, bingwa wa zamani wa Wimbledon. Mwezi Oktoba huko Aix-en-Provence, Ufaransa, Ilie Năstase akaitumia dhidi ya Guillermo Vilas, aliyekuwa hajafungwa katika mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo, na Vilas akaacha mchezo baada ya kupoteza seti mbili. Shirikisho la kimataifa likaipiga marufuku, na mwaka uliofuata likaandika kanuni inayosema raketi ni kitu gani, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwa limeandikwa. Kanuni hiyo hadi leo inataka nyuzi zifumwe kwa kupishana au ziunganishwe zinapokutana, na mpangilio usiwe na nafasi kubwa zaidi katikati kuliko sehemu nyingine. Nami huona kichekesho fulani katika historia hiyo: miaka 20 baadaye Gustavo Kuerten, akiwa wa 66 katika orodha ya dunia, alitwaa ubingwa wa Roland Garros, yaani mashindano ya wazi ya Ufaransa, kwa nyuzi za poliesta za kampuni ya Luxilon ya Ubelgiji, na nyuzi zilizofumwa kihalali kabisa zikaanza kufanya sehemu ya kazi ile iliyokuwa imepigwa marufuku.

Basi nikafunga poliesta raketi zangu zote mbili, kilo 25 kama nailoni, na hilo lilikuwa kosa langu kubwa kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Kwa wiki za mwanzo nilicheza kama mtu aliyerudishiwa ujana. Nyuzi hazikukatika, wala mimi sikuzikata; nilizoea kwamba uzi hubadilishwa ukikatika, na hizi zilikuwa imara. Mwezi wa pili nikaanza kuziona zimepinda baada ya mapigo, kwanza uzi mmoja, kisha mitatu, nami nikarudia kuchana. Mwezi wa tatu nikaanza kuhisi maumivu upande wa nje wa kiwiko, nikadhani nimelalia mkono. Mwezi wa nne sikuweza kunyanyua birika la maji kwa mkono wa kulia.

Poliesta hufa kabla ya kukatika. Mkazo wake hupungua upesi kuliko wa nailoni, ule wepesi wa kunyumbuka hutoweka, na kinachobaki ni uzi mgumu usio na uhai, unaopokea mtikisiko wa mpira na kuukabidhi mkono bila kuupunguza. Daktari wa viungo alinipumzisha kwa wiki nyingi, nami katika uvivu huo nilizikata nyuzi za zamani na kuziangalia kwenye mwanga kwa kioo cha kukuzia. Kila mahali mtande ulipokuwa umekatiza mshindio palikuwa na mfuo, kama mfuo ambao kamba ya ndoo huuchimba kwenye ukingo wa kisima. Uzi uliokaa ndani ya mfuo hauwezi kuteleza. Ukitolewa kwa nguvu hautakubali kurudi, na ukirudi utatumbukia kwenye mfuo wa jirani. Zile nyuzi zilizoanza kupinda mwezi wa pili zilikuwa zikinitangazia kwamba muda wake umekwisha, nami nilikuwa nikizirudisha kwa kucha na kuendelea kucheza nazo miezi miwili zaidi.

Tangu hapo jaribio la kidole gumba ndilo kalenda yangu. Hulifanya kila baada ya mazoezi, kwenye nyuzi tatu za katikati. Zikiitikia tak, raketi inarudi kwenye mfuko. Zikirudi kwa kusitasita, nina mchezo mmoja au miwili. Zikibaki nilipozipeleka, nazikata siku hiyo hiyo, hata kama kwa macho zinaonekana mpya. Kwa mapigo yangu, poliesta hufikia hatua hiyo baada ya saa 12 hadi 15 za kucheza. Nikikata, naanza katikati na kwenda nje, mtande na mshindio kwa zamu, kwa sababu kukata upande mmoja wote kwanza huiacha fremu ikivutwa na upande uliobaki.

Kiwiko kilipopona, nilijua siwezi kurudi kwenye poliesta tupu kwa mkazo ule. Njia ya wengi ni kuchanganya, na nilianza na mchanganyiko ulio rahisi kupatikana: poliesta kwenye mtande na nailoni kwenye mshindio. Siku mbili za kwanza ulikuwa mtamu. Lakini uzi mgumu ukisuguana na uzi laini, ulio laini ndio huliwa, na mtande wangu wa poliesta, ambao kwa ujinga nilikuwa nimeuchagua wa pembe tano ili uukamate mpira vizuri, uligeuka msumeno. Ndani ya saa 6 za kucheza mshindio ulikuwa umechimbika mifuo mirefu, mtande umezama humo, na kidole gumba hakikusikia tena mlio wowote. Atakayependa mchanganyiko huo nisingemkataza, ila achague poliesta ya mviringo na nyororo, na asishangae nyuzi zikianza kuhama mapema.

Mchanganyiko wa kinyume chake ndio ulionifaa. Mtande ni uzi wa utumbo, mshindio ni poliesta. Uzi wa utumbo ndio wa kale kuliko wote. Pierre Babolat alianza kuutengeneza kwa ajili ya raketi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1875, na mpaka sasa hakuna uzi wa kiwandani unaonyumbuka kama huo wala kuushika mkazo kwa muda mrefu kama huo. Hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za utumbo wa ng'ombe, hauna udugu na maji, na mvua moja inatosha kuuharibu. Lakini ukiwekwa juu ya mshindio wa poliesta wa mviringo, huteleza kwa raha na kurudi kwa nguvu zake wenyewe za kunyumbuka, huku mkono ukipata ulaini ambao poliesta haiwezi kuutoa. Roger Federer alicheza kwa mpangilio wa namna hiyo kwa miaka mingi, ingawa sitaki mtu adhani kwamba nilimwiga. Mimi nilifikishwa huko na birika la maji.

Hivi sasa nafunga utumbo wa milimita 1.30 kwa kilo 24 na poliesta ya 1.25 kwa kilo 22. Fundi wangu ndiye aliyenishauri kuupunguzia mshindio mkazo, kwa kuwa poliesta ni ngumu hata ikiwa imelegezwa, na mshindio uliolegea kidogo hauubani sana mtande unaotaka kupita. Hilo lilinichekesha, maana ndilo nililomshutumu nalo siku ile ya kwanza. Tatizo la mpangilio huu ni kwamba ni ghali, na utumbo hukatika kwa heshima ndogo ukipigwa vibaya na ukingo wa fremu. Kwa mazoezi ya kawaida nina raketi ya pili yenye poliesta nyororo ya mviringo, kilo 21, ambayo naikata bila huruma kidole gumba kikitoa hukumu.

Maneno yaliyoandikwa kwenye vipakiti nimeacha kuyategemea. Uzi wa pembe nane, uzi uliosokotwa, uzi wenye meno, yote hayo yana ladha yake mpira unapogusa, lakini uzi ambao ni mkali kwa mpira ni mkali pia kwa uzi unaokatiza nao, na wa mviringo ulio mtelezi kwa kawaida hurudi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchimbika. Ninapotazama kipakiti kipya nauliza mambo matatu tu: umbo, unene, na ugumu wake ukilinganishwa na kiwiko changu. Rangi humpendeza anayenunua.

Wala sidhani kila mchezaji anahitaji safari hii. Anayepiga mipira bapa, au anayeanza kujifunza, au ambaye kiwiko chake kimeshamlalamikia, atafaidika zaidi na nailoni ya nyuzinyuzi nyingi kwa kilo 23 au 24, na akiona imepinda aipange kwa vidole vyake bila kuona haya, kwa kuwa kwa pigo la namna yake hapotezi kitu cha maana. Mtoto asifungiwe poliesta kabisa. Hana kasi ya mkono inayoweza kuusogeza mtande huo, kwa hiyo ataupata ugumu wake bila faida yake. Viwanja vya udongo vina suala lake pia, kwani chembe huingia kwenye makutano na kusaga kama msasa. Mimi huzipangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ninapotoka uwanjani, na mlio wa tak huendelea siku kadhaa zaidi.

Mwenzangu bado anacheza na nailoni yake ile ile, na bado nyuzi zake hazihami. Mimi, pointi ikiisha, mkono wa kushoto huenda wenyewe kwenye uso wa raketi, kucha zikitafuta uzi wa kurudisha. Zinakuta zimenyooka, zinapapasa kidogo, kisha zinaacha. Yeye husubiri huku amekwisha kuurusha mpira na kuudaka mara tatu, kisha huniuliza yule mtoto amekua lini hata akaanza kujichana mwenyewe.